Tairi Likilika Upande, Kosa Si la Tairi

Gari likianza kula tairi, maneno ya kwanza utakayoyasikia gereji hayabadiliki: "Bosi, hizi tairi ulizouziwa ni feki." Wa pili atalaumu barabara. Wa tatu atakuelekeza kwa jamaa yake mwenye mashine ya alaimenti. Mwenye gari ananunua mawili mapya, ya zamani yanarushwa pembeni ya uzio, na kabla jua halijazama mkata katambuga ameshayabeba. Naona hasara kubwa inatokea wakati huo wa kubebwa. Tairi lililolika vibaya lina maelezo ya kilicholiua: lilikuwa likiburuzwa upande gani, tatizo ni la gurudumu moja au yote mawili, na mara nyingi hata sehemu gani ya usukani ilifungwa visivyo. Linaondoka halijasomwa, na jipya linafungwa juu ya kosa lile lile.

Nasema kosa, nikiwa na maana ya kosa la mkono wa mtu. Mashimo yanaharibu matairi, upepo pungufu unaharibu, mzigo uliopita kiasi unaharibu. Lakini wengi wetu tunaendesha magari ya mtumba ambayo sehemu zake za mbele zimefunguliwa na kufungwa tena na tena, na kila kufungwa ni nafasi ya kukosea: tairodi ya gari la aina nyingine, nati iliyosahauliwa kukazwa, raki iliyokaa kwa kuegemea upande, bushi iliyobanwa gari likining'inia juu ya jeki. Makosa haya hayapigi kelele siku ya kwanza. Gari linatoka gereji likiwa jepesi mkononi, mwenyewe anafurahi, na gharama inaanza kukatwa kidogo kidogo kwenye mpira. Sababu ya kutoyaona naitaja wazi mapema: tunalipia spea, tunalipia kufunga, lakini hatulipii kutazama.

Kutazama kwenyewe kunaanza na kiganja. Gari likiwa limesimama, hakikisha kwanza hakuna waya zilizotokeza kwenye mpira, kwa sababu zinakata. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata za tairi la mbele, vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, kutoka nje kwenda ndani, halafu urudishe kutoka ndani kwenda nje. Tairi lililokaa sawa linahisi vilevile kote. Tairi linaloburuzwa upande lina ncha zisizoonekana kwa macho: kiganja kinateleza kikienda huku, na kikirudi kinakwaruzwa kama kinapita juu ya magamba ya samaki kinyume. Kikiteleza kuelekea katikati ya gari na kukwaruzwa kikitoka nje, magurudumu yanatazamana kupita kiasi, yaani mbele yamekaribiana kuliko nyuma. Kikiteleza kuelekea nje na kukwaruzwa kikirudi ndani, magurudumu yanatazama nje. Fundi aliyezoea kufanya hivi anajua habari ya gari wiki nyingi kabla jicho halijaona upara wowote.

Kuna miliko mingine, na sitakaa nayo sana. Tairi likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha pande zote mbili huku katikati pakibaki, upepo ulipungua. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka, tafuta shokapu iliyokufa, beringi iliyolegea au balansi. Likiisha upande mmoja kwa ulaini, bila zile ncha za kukwaruza, gurudumu limelala, limeegemea ndani au nje. Aghalabu gurudumu linalala baada ya kubadilishwa shokapu, kwa sababu katika magari mengi bolti mbili zinazoshika shokapu na kitovu cha gurudumu zina nafasi ya kucheza, na aliyefunga hakujali zilirudi wapi.

Linaloninyima usingizi ni tatizo la zile ncha, kwa sababu linazaliwa kwenye usukani, na usukani ndiyo sehemu tunayoikabidhi kwa mtu yeyote mwenye spana.

Katika magari mengi madogo tunayotumia, yale yanayovutwa na magurudumu ya mbele, raki ya usukani imekaa nyuma ya mstari wa katikati wa magurudumu. Tairodi zinatoka pande zake mbili hadi kwenye mkono mfupi ulioko nyuma ya kila gurudumu. Kwa mpangilio huo, tairodi ikirefushwa inasukuma sehemu ya nyuma ya gurudumu kwenda nje, na ya mbele inaingia ndani: magurudumu yanatazamana. Ikifupishwa, yanatazama nje. Urefu wake unarekebishwa kwa hesi, halafu nati ya kukazia inaufunga usitembee.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapodhani tunazungumzia vitu vidogo. Chukua hesi inayosogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko, na mkono wa gurudumu wenye urefu wa milimita 130. Ni vipimo vya kawaida kwa gari dogo. Fundi akizungusha tairodi mpya mzunguko mmoja zaidi ya ile ya zamani, gurudumu linageuka zaidi ya nusu digrii. Gari likienda mbele, magurudumu mawili yanagawana kosa hilo, kwa sababu yameunganishwa na raki moja, na kila moja linabaki na zaidi ya robo digrii. Robo digrii hakuna jicho linaloiona. Lakini gurudumu lililopinda robo digrii linavutwa upande mita 4 na ushei kwa kila kilomita moja ya kwenda mbele. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Gurudumu hilo litakuwa limeburuzwa kiubavu zaidi ya mita 800 kabla hujafika stendi ya Msamvu, likiwa limebeba uzito wa injini, juu ya lami ya moto. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha kashata cha milimita 8 hivi, na alama zilizofichwa ndani ya mifereji yake zinakwambia likifika milimita 1.6 muda wake umekwisha. Milimita sita na kitu ndiyo akiba yote uliyonunua. Mzunguko mmoja wa hesi unatosha kuimaliza kwenye ukingo mmoja huku ukingo wa pili ukiwa bado na sura ya dukani.

Na kwa sababu kosa linagawanywa, tairi za mbele zikiisha zote mbili kwa namna moja, mwelekeo wa magurudumu ndio wa kushukiwa kwanza. Likiisha moja tu, geuza macho kwenye upande huo: mkono wa chini, ule unaolishikilia gurudumu kwenye mwili wa gari, uliopinda, boljointi iliyolegea, shokapu iliyokaa vibaya. Tofauti hii peke yake ingewaokoa watu wengi na kununua spea zisizohitajika, na haihitaji mashine yoyote.

Kosa hilo la mzunguko mmoja huacha alama nyingine ambayo dereva anaiona: usukani unakaa umepinda gari likienda wima. Ni msaada mkubwa, na tunauharibu kwa makusudi. Mteja anarudi kulalamika, fundi anachomoa usukani na kuuchomeka upya ukiwa umenyooka, dakika kumi, kazi imekwisha. Hapo amezima taa ya tahadhari na kuacha moto unaendelea kuwaka. Tena kwenye gari lenye mfuko wa hewa kuna utepe wa nyaya unaojiviringisha nyuma ya usukani, na ukirudishwa bila kuwekwa katikati unakatika siku mtu anapokata kona hadi mwisho. Katika magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza, kompyuta inasoma pembe ya usukani. Ukiuhamisha bila kuifundisha upya, inaamini dereva anakata kona wakati anaenda wima. Mteja alitaka usukani unyooke na umenyooka, lakini tairi linaendelea kuliwa na sasa hana tena dalili ya kumwonya.

Ukingo wa ndani ndio wa kuogopa zaidi. Tairodi ikifungwa ikiwa fupi, magurudumu yanatazama nje na mpira unaisha upande wa ndani, ambako hakuna anayeinama kutazama. Kwa nje kashata zimesimama. Askari wa barabarani akilitazama tairi hilo analipitisha, fundi pancha analijaza upepo na kulisifu, mwenye gari anaamini ana mwaka mzima mbele yake. Ndani waya zimeshatokeza. Tairi la namna hiyo linapasuka kwa kasi, na linapasuka mbele, kwenye gurudumu linaloshika usukani.

Kuna kosa jingine ambalo gari likienda wima halionekani kabisa, na wenye magari ya mizigo wanapaswa kulijua. Gari likikata kona, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima ligeuke zaidi. Jambo hili lilishughulikiwa tangu enzi za magari ya farasi. Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, alibuni mpangilio wa mikono ya magurudumu unaoyapa pembe tofauti kwenye kona, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann, aliyemwakilisha kule London, akasajili hataza yake Uingereza. Jina lililobaki kwenye vitabu vya ufundi ni la Ackermann. Mikono hiyo imeinamishwa kwa pembe maalumu. Kwenye magari ambayo inafungwa kwa bolti, mtu anaweza kuibadilisha ya kulia ikaenda kushoto, au akarudisha iliyopinda baada ya kuigonga nyundo. Mashine ya alaimenti ikipima magurudumu yakiwa yametazama mbele, kila kitu kiko sawa. Kwenye kona gurudumu moja linageuka zaidi kuliko linavyotakiwa na jingine linaburuzwa, na tairi zinalika kwa namna inayofanana kabisa na ile ya tairodi. Dalili yake ni mlio: gari linaingia uwanjani polepole, dereva anakata kona kali, na tairi zinalia juu ya saruji kavu pasipo na mwendo wa kuzifanya zilie. Kipimo chake kipo. Magurudumu yanawekwa juu ya sahani zenye digrii, la ndani linageuzwa hadi 20, la nje linasomwa, kisha inafanywa hivyo hivyo kwa upande wa pili na kulinganishwa. Karibu hakuna mteja anayekiomba, na karibu hakuna gereji inayokitoa bila kuombwa.

Niliwahi kukaa Temeke kwenye gereji ya chini ya mwarobaini nikimtazama fundi mmoja wa makamo akihangaika na kigari cha kubebea wanafunzi. Mwenye gari, mama mmoja mwenye uvumilivu wa ajabu, alikuwa ameshanunua tairi za mbele mara kadhaa, na mkononi alikuwa na karatasi ya alaimenti yenye rangi ya kijani kila mstari. Tairi zake zilikuwa zimeisha ndani, zote mbili. Fundi hakuigusa spana. Aliuliza, "Mama, kabla gari halijaanza tabia hii, kitu gani kilifunguliwa mwisho?" Mama akafikiri, akasema walibadilisha tairodi, "lakini baba, zile ni mpya." Fundi akapandisha gari kwenye jeki, akashika gurudumu kushoto na kulia, akalitikisa, kisha akalishika juu na chini, akalitikisa tena. Hakuna kilichocheza. Akateremsha gari, akachora chaki katikati ya kila tairi, akapima kwa futi umbali kati ya alama hizo mbele ya magurudumu, halafu nyuma. Karibu sawa. Karatasi ilikuwa inasema kweli.

Kisha akawaita vijana wote wa gereji na majirani waliokuwa wakicheza bao, akawajaza ndani ya gari, akalitikisa lishuke na kutulia, akapima tena. Mbele palikuwa pamepanuka milimita kadhaa. Gari lile lilikuwa linapimwa tupu na kufanya kazi likiwa limejaa. Tairodi zilikuwa mpya kweli, ila zilikuwa za gari la aina nyingine: shina lake refu zaidi liliweka kichwa juu kuliko mahali pake, kwa hiyo kila gari likishuka, tairodi na mkono wa chini vilichora njia mbili tofauti, na magurudumu yakafunguka nje. Kila tuta, kila mzigo wa watoto asubuhi na mchana, mpira ulikuwa unasagwa. Mashine isingeweza kuliona hilo, kwa kuwa ilipima gari lililosimama bila mtu ndani. Zilipoletwa tairodi zilizotafutwa kwa namba ya chesisi, na alaimenti ikafanywa upya, ule ukorofi uliisha.

Nimesimulia kisa hiki kirefu kwa sababu ya lile swali la fundi. Kitu gani kilifunguliwa mwisho? Hakuna kifaa kinachogundua makosa ya ufungaji kwa haraka kama jibu la swali hilo, na hakuna swali linaloulizwa kwa nadra kama hilo. Wateja nao tunaficha. Tunaogopa fundi mpya asijue tulianzia kwa mwingine, au tunaona aibu kutaja kwamba tuliletewa spea na binamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari nalo lina maradhi ya kufichwa.

Karatasi ya alaimenti isidharauliwe, lakini ijulikane inachosema. Inasema magurudumu yalitazama wapi kwa dakika ile, sehemu zikiwa zimetulia. Alaimenti ikifanywa kwenye gari lenye boljointi iliyolegea au raki inayocheza kwenye vifungo vyake, namba zinakuwa sahihi hadi getini. Kwa hiyo mfuatano ni mmoja tu: kwanza upepo, kisha jeki, kisha sehemu zilizolegea au zilizokosewa zirekebishwe, na mwisho mashine. Ukiona gari lako linapandishwa mashine moja kwa moja bila mtu kutikisa gurudumu, teremka useme. Omba pia namba za kabla na za baada, kwa sababu za kabla ndizo zinazoeleza tairi lako lilikufaje. Raki inayocheza nayo ina kipimo chake rahisi: mtu mmoja anazungusha usukani kidogo kushoto na kulia injini ikiwaka, mwingine anachungulia chini. Mwili wa raki ukisogea kabla magurudumu hayajasogea, bushi zake zimekwisha au hazikuwekwa. Nimeona mahali pa bushi pamejazwa vipande vya tyubu.

Bushi za mkono wa chini zina siri yao, na ningependa kila kijana wa gereji aijue. Bushi nyingi ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma. Bolti ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na gurudumu likining'inia, mpira unafungwa katika hali hiyo. Gari likiteremshwa, mkono unapanda na mpira unabaki umesokotwa muda wote, mchana na usiku, hadi unachanika kabla ya wakati wake. Bushi ikichanika, kila ukifunga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo na mwelekeo wake unabadilika. Mteja anarudi na tairi lililolika, anaambiwa bushi zilikuwa feki. Huenda zilikuwa nzuri kabisa. Kilichotakiwa ni kuacha bolti nusu, kuteremsha gari hadi libebe uzito wake, ndipo kukaza. Ni dakika chache tu za subira.

Upande wa maduka ya spea, tuwe wakweli pia. Gerezani na Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utasikia neno "inaingia". Tairodi ikiingia kwenye tundu haimaanishi ni yake. Shina lake limechongwa kwa mteremko na tundu la mkono wa gurudumu vilevile, na viwili hivyo vinatakiwa kubanana chuma kwa chuma kabla nati haijafika mwisho. Nati ikifika mwisho wakati shina bado linacheza, sehemu hiyo si yake, na kuizungushia kipande cha bati ili ibane ni kuhatarisha roho ya mtu. Kadhalika msumari uliokunjwa mahali pa pini ya kuzuia nati. Kadhalika tairodi iliyopinda, ikapashwa moto na kunyooshwa: chuma cha usukani kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na mwali wa gesi unauondoa bila kuacha alama yoyote mtu anayoweza kuiona. Vitu hivi vitatu visingepaswa kuwa na mjadala katika gereji yoyote, iwe ya lami au ya vumbi.

Kuhusu mafundi wetu, sikubaliani na wanaosema ni wavivu au wezi. Nimewaona wakifanya kazi ya mikono ambayo ingewashangaza walioandika vitabu vya magari hayo. Tatizo ni jinsi tunavyowalipa. Fundi akitumia saa nzima kutikisa, kupima na kufikiri, halafu akasema nati moja ilikuwa haijakazwa, mteja anamuuliza, "Umekaza nati tu, nikulipe nini?" Yule aliyebadilisha tairodi mbili, boljointi mbili na bushi nne bila kujua kosa liko wapi analipwa vizuri, na duka la spea linampa cha juu. Kwa mpango huu tumewafundisha wenyewe, kwa fedha zetu, kwamba kubadilisha kunalipa na kutazama hakulipi. Kisha tunashangaa hawatazami.

Ningetaka gereji zianze kutaja bei ya kutazama peke yake, kama hospitali inavyotoza kumwona daktari kabla ya dawa, na mteja apewe kipande cha karatasi chenye kina cha kashata za kila tairi, ndani, katikati na nje, pamoja na kilicholegea na kilichokosewa. Sehemu za zamani na tairi za zamani azione kabla hazijaondoka. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha ufundi wa magari, na ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Ningefurahi sana mtihani wa vitendo ukiweka mbele ya fundi tairi nne zilizolika na kumtaka aeleze kila moja ilikufa kwa nini, kabla hajaruhusiwa kushika spana. Anayefaulu hapo anastahili kukabidhiwa usukani wa gari la watu.

Usukani wa gari la watu ndio unaonifanya niandike haya gazetini badala ya kumwambia jirani yangu. Habari za ajali za mabasi na magari madogo zina sentensi tuliyoizoea: chanzo kimetajwa kuwa ni kupasuka kwa tairi la mbele. Habari inaishia hapo, tena sisi waandishi ndio tunaoimalizia hapo. Tairi kupasuka si chanzo. Lilipasuka ukingo upi? Lilikuwa limelika ndani? Kulikuwa na tairodi iliyobadilishwa karibuni, na nani aliyeifunga? Kikosi cha Usalama Barabarani kina wakaguzi wa magari wanaoweza kuyajibu maswali haya wakipewa muda na wakiulizwa. Na kwenye ukaguzi wa asubuhi wa mabasi, kabla ya safari ndefu, mkono uingizwe upande wa ndani wa tairi za mbele na si kulitazama tairi kutoka mahali abiria anaposimama. Usukani ukikatwa hadi mwisho, ukingo wa ndani wa tairi moja unajitokeza wenyewe, na ukikatwa upande wa pili, unatokea wa tairi jingine. Ni kazi ya dakika mbili kwa basi lililobeba watu zaidi ya hamsini.

Mwenye gari binafsi naye asisubiri mkaguzi. Kila baada ya kazi yoyote ya usukani, shokapu au mkono wa chini, fanya alaimenti, hata kama fundi ameapa kwamba alihesabu mizunguko ya hesi. Kuhesabu kunalifikisha gari salama kwenye mashine, hakuchukui nafasi ya mashine, kwa sababu tairodi mpya huenda isilingane urefu na ya zamani. Siku hiyo hiyo pima kina cha kashata kwa kijiti au rula ndogo kwenye sehemu tatu za kila tairi la mbele, uandike kwenye simu. Ukifikisha kilomita 1,000, pima tena pale pale na upitishe kiganja. Ndani na nje vikiwa bado vinalingana, endelea na safari zako. Vikiwa vimeanza kuachana, rudi kwa fundi mapema, lipia kutazamwa, na umwombe asiguse hesi yoyote kabla hajalipandisha gari kwenye jeki na kukuuliza ni kitu gani kilifunguliwa mwisho.